Mashine ya Kutazama Kahawa

Siku ya Jumatatu, tarehe 17 Oktoba 2022, saa nne na dakika ishirini za asubuhi, mhandisi Murugi Gathogo aliingia katika kiwanda cha kahawa cha Kiamuruga, mwendo mfupi kutoka Karatina, akiwa na sanduku la mabati lenye ukubwa wa dawati la shule. Jambo hilo limethibitishwa. Saini yake imo katika daftari la wageni, na katika safu ya sababu za kuja mlinzi wa lango ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mzigo wenye macho."

Mlinzi hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa amemwuliza mgeni ndani ya sanduku mna nini, akajibiwa kwamba mna taa ndogo kumi na mbili na macho manne. Akalizunguka sanduku mara mbili akiyatafuta hayo macho, asiyaone, ndipo akaamua kuandika alichoambiwa na kuiacha kazi ya kuamini kwa meneja.

Sanduku hilo lilikuwa kazi ya miaka miwili na nusu. Makubaliano kati ya Murugi na kamati ya chama cha ushirika yalikuwa mafupi: mashine ingekaa kiwandani kwa majuma manne ya mavuno, kisha Jumamosi ya tarehe 12 Novemba wanachama wote wangekutana uwanjani na kuamua kama itabaki au itaondoka. Wakati huohuo, kampuni moja ya kufunga taa mjini Nanyuki, ambako Murugi aliwahi kufanya kazi, ilikuwa imemwekea nafasi hadi mwisho wa Novemba. Alikuwa amekwisha kumweleza mama yake waziwazi: wanachama wakiikataa mashine, atarudi Nanyuki kufunga taa za hoteli, na habari za ubunifu ziishie hapo.

"Na hii sanduku?" Watiri, mama yake, alikuwa ameuliza.

"Utaweka kuku."

"Kuku yangu haitaki taa kumi na mbili. Italala saa ngapi?"

Murugi alizaliwa mwaka 1984, kifungua mimba wa Watiri na wa marehemu Gathogo, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda kando ya soko la Karatina. Kibandani humo balbu moja ilining'inia kwenye waya juu ya meza ya kazi, na binti huyo alipokuwa na miaka sita tayari ilikuwa imemchoma vidole mara tatu. Siku moja baba yake alifungua redio ya mteja, na Murugi akaona nukta nyekundu ikiwaka pembeni mwa kitufe cha kuwashia. Kwa kuwa vidole vilikuwa vimepata mafunzo ya kutosha, aliijaribu kwa mdomo wa chini. Nukta ilikuwa baridi kama kijiko.

"Baba, mbona hii haichomi?"

Gathogo aliitazama nukta, akamtazama mtoto, akaweka bisibisi mezani. "Sijui," alisema. "Nimetengeneza hizi miaka kumi na sijawahi kujiuliza."

Jibu hilo Murugi aliliheshimu kuliko mengine yote aliyopewa na watu wazima. Lilimchukua miaka kumi na moja kupata jingine, kutoka kwa mwalimu wa fizikia mjini Nyeri, aliyemweleza kwamba balbu huunguza waya hadi utoe mwanga, ilhali ile nukta hugeuza umeme kuwa mwanga moja kwa moja bila kupitia moto. Kisha mwalimu akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba kuna vifaa vinavyofanya kinyume chake: vinapokea mwanga na kuugeuza umeme. Vinaitwa vihisi mwanga. Jioni ile Murugi alimweleza baba yake kwamba amepata kazi ya kufanya maishani.

Chuo kikuu alisomea uhandisi wa umeme, akamaliza mwaka 2008. Kazi yake ya kwanza ilimpeleka Nanyuki. Huko, katika hoteli moja iliyopakana na ranchi, aliombwa abuni njia ya kuwaonya wafanyakazi ndovu wanapoikaribia bustani ya mboga. Murugi alisimamisha nguzo mbili, akapitisha kati yake mwali wa mwanga usioonekana kwa macho, na kwenye nguzo ya pili akaweka kihisi. Mwali ukikatwa, honi inalia. Juma la kwanza honi ililia kila alfajiri. Wageni walitoka na blanketi mabegani na kamera mikononi kutafuta ndovu, wakakuta ukungu wa mlima umekaa juu ya kabichi.

"Injinia," meneja wa hoteli alimwambia, "umenitengenezea mashine ya kushika mawingu."

Murugi alicheka naye, kisha akarekebisha kazi. Aliongeza mwali wa pili, na honi ikaagizwa kulia tu pale mwali mmoja unapokatwa na wa pili ukafuatia baada ya muda mfupi, kama afanyavyo mnyama anayetembea. Ukungu huikata miali yote kwa pamoja, kwa hiyo ukanyamazishwa. Huo ndio uliokuwa ubunifu wake wa kwanza kufanya kazi, na nguzo hizo bado zipo. Baada ya miaka sita alihamia Nyeri kufundisha katika chuo cha ufundi, na ni akiwa mwalimu huko ndipo suala la kahawa lilipomfikia kupitia mama yake.

Ilikuwa Novemba 2016. Watiri alifika kiwandani jua likishuka, mawingu yamefunika mlima, na taa ya manjano imewashwa juu ya mizani. Karani alichota kahawa yake kiganjani, akaigeuzageuza, akatikisa kichwa. Matunda hayajaiva, alisema. Mengi ni ya kahawia. Watiri alilazimika kuyamwaga juu ya turubai na kuyachagua upya, na yale yaliyokataliwa akayabeba nyumbani madebe mawili, yakaushwe na kuuzwa kama mbuni, yaani kahawa ya daraja la chini. Asubuhi aliyatandaza uani juani. Yalikuwa mekundu, karibu yote.

Murugi alipokuja kumtembelea mwisho wa juma, alikuwa tayari kwenda kugombana na karani. Mama yake alimzuia.

"Usimtusi. Yule kijana macho yake ni mazuri. Ni ile taa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoanzisha kila kitu. Karani hakuwa mwongo. Alikuwa akipewa mwanga tofauti kila saa, mweupe saa nane, wa dhahabu saa kumi na moja, wa manjano saa moja, kisha akidaiwa hukumu ileile. Murugi akawaza kwamba mtu akijenga chumba kidogo chenye giza, akapitisha ndani yake tunda mojamoja, na kulimulika kwa mwanga wake mwenyewe usiobadilika, basi saa ya siku haitakuwa na neno tena. Tunda bichi hurudisha zaidi mwanga wa kijani. Lililoiva hurudisha zaidi mwekundu. Kihisi hupima yote mawili na kulinganisha. Likiwa jekundu linaelekezwa kwenye trei ya kulia, lisipokuwa jekundu linakwenda kushoto. Karani angechota kopo moja tu kutoka kila gunia, na hesabu ya trei ingesema gunia lipokewe au lirudi kwenye turubai.

Mwaka 2020 aliacha kufundisha ili aifanye kazi hiyo peke yake. Peke yake ni namna ya kusema tu, kwani vyuma vyote vya mashine vilitengenezwa na Kathurima, fundi wa kuchomelea mwenye karakana Karatina na mzaliwa wa Nkubu, upande wa mashariki wa mlima. Kathurima alikuwa mtu wa mzaha usiokatika, na mzaha alioupenda kuliko yote ulihusu jua.

"Sisi Wameru ndio tunapata jua kwanza," angesema akivuta miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso. "Nyinyi huku mnaletewa ile imebaki. Ndio maana unatafuta taa, Injinia."

"Mlipata jua kwanza na bado umekuja huku kutafuta kazi."

"Nilikuja kuwasaidia kuona."

Jumatano ya tarehe 19 mashine ilifanya kazi kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Ilifanya vizuri mno. Makopo arobaini na moja yalipita, na kila mara karani alipoyachunguza matunda ya trei mbili chini ya anga jeupe alikubaliana na mashine. Meneja wa kiwanda, Wahome, mtu mrefu asiyependa kusifu, alisema tu, "Haya basi," na wanaomfahamu wakajua amefurahi. Habari zikasambaa kilima hadi kilima: kuna mashine inatazama kahawa, na ikikutazama haidanganyiki. Alhamisi ilikuwa Siku ya Mashujaa. Watu walishinda nyumbani, wakavuna, wakazungumza.

Ijumaa wakaja wengi kuliko kawaida. Walikuwa wamevaa vizuri. Murugi alimwaga kopo la kwanza, na matunda yote, mekundu kama damu ya mzee, yakaviringika kwenye trei ya kushoto. Kopo la pili likafanya vivyo hivyo. La tatu. Kufikia la saba foleni ilikuwa imeanza kunong'ona, na Wahome akaja na kuinama juu ya sanduku.

"Injinia, mashine yako imekuwa kipofu ama imekasirika?"

"Nipe dakika tano, Bwana Wahome."

"Ati dakika tano? Hii laini inafika kwa barabara."

Murugi alifungua kifuniko, akakagua taa zote kumi na mbili. Zilikuwa nzima. Akafuta vihisi, yale macho manne. Akarudia kopo la saba, na trei ya kushoto ikajaa tena. Nyuma yake mzee mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba Jumatano ile mashine ilikuwa imepewa chai na leo haijapewa, na watu wakacheka, na kicheko hicho kilimwuma Murugi kuliko maneno ya Wahome. Ndipo alipookota tunda moja kwenye trei. Liliteleza vidoleni. Aliokota jingine, likateleza. Akalinusa.

Hakuna mtu aliyelelewa kwenye miteremko ya mlima huu asiyeijua harufu hiyo. Ni mafuta ya kukamulia, yanayotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe na kutumiwa, katika karibu kila nyumba, kwa ajili ya nyuso za watoto. Baridi ya asubuhi hupausha ngozi, na mama hawezi kumtoa mtoto mlangoni akiwa na uso mkavu, hasa anapokwenda kanisani, kwa mwalimu mgeni, au kupigwa picha. Humshika kidevu, humpaka hadi masikio, na mtoto hutoka aking'aa. Wanachama wa Kiamuruga walikuwa wamesikia kwamba kahawa yao itatazamwa, nao walikuwa wameitendea kama walivyotendewa wao. Hawakuipaka yote. Walipaka yale matunda ya juu ya gunia, pale kopo la karani lingechota.

"Nani amepaka kahawa mafuta?" Murugi aliuliza.

Watu wakatazama viatu vyao vilivyong'arishwa.

"Sijakasirika. Nataka tu kujua."

Mama mmoja mfupi, Wangui, mchuuzi wa viazi sokoni siku za Jumanne na Jumamosi na mwenye ulimi mwepesi, alitoka kwenye foleni. "Kwani wewe mama yako alikupeleka kanisa ukiwa umepauka?"

"Mama Wangui, hii si mtoto."

"Inaangaliwa na mashine ya Injinia! Nitaileta na vumbi? Watu wataniona aje?"

"Lakini mafuta ndiyo imefanya ikataliwe."

"Basi hiyo mashine haijui mtu msafi," alisema Wangui, na foleni nzima ikamwunga mkono.

Wahome aliamuru matunda ya juu ya kila gunia yaondolewe, akamrudisha karani kwenye mizani na kiganja chake, na kulisukuma sanduku ukutani. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba mkutano uko palepale, tarehe 12, na kwamba wanachama waliyoyaona leo ndiyo watakayoyapigia kura.

Murugi alipofika nyumbani kwa mama yake alasiri hiyo, alikuta kopo la mafuta ya kukamulia mezani karibu na birika, limeachwa wazi, na alama za vidole vinne zimezama ndani yake.

"Wewe pia, maitu?" alimwuliza mama yake.

Watiri alikuwa akimenya viazi na hakuinua kichwa. "Nilikuwa namba tisa. Ulisimamisha kabla nifike."

"Mama!"

"Sasa niende na kahawa imepauka mbele ya mashine ya mtoto wangu? Na watu wote wanajua ni ya mtoto wangu?" Sasa aliinua kichwa. "Nilipaka hata wewe, siku ya kwenda chuo kikuu. Miaka kumi na tisa na nilikupaka. Ulikataliwa?"

Murugi alicheka hadi akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu asubuhi, na kicheko kilipokwisha alibaki na swali lililo wazi zaidi. Mafuta yangeweza kukatazwa; ingetosha kumwagiza karani achote katikati ya gunia. Lakini kitu kinachong'aa si mafuta tu. Majuma yanayofuata yangeleta manyunyu ya Novemba, na kahawa iliyonyeshewa hung'aa vilevile. Kwa miaka miwili na nusu alikuwa ameijaribu mashine karakanani, chini ya paa, kwa matunda makavu aliyoyafuta kwa kitambaa yeye mwenyewe. Kosa lilikuwa lake, na wanachama walikuwa wamemwonyesha mapema kabla ya mvua.

Kilichotokea ndani ya sanduku alikielewa haraka. Ngozi ya tunda ikiwa kavu, mwanga huingia kidogo, huchukua rangi ya tunda, kisha hutoka. Ikiwa na mafuta au maji, sehemu kubwa ya mwanga hudunda juu kama kwenye kioo, na mwanga uliodunda haujachukua rangi yoyote. Kihisi kilipokea mwekundu na kijani kwa kiasi kilekile, kikaona weupe, na kwa kuwa kilifundishwa kukataa kila kisicho chekundu, kikakataa. Kuelewa kulikuwa rahisi. Namna ya kuufukuza ule mng'ao na kubakiza rangi ndiyo hakuijua.

Kathurima alikuja Jumamosi kwa pikipiki kutoka Karatina. Watiri alikuwa ametandaza uani matunda yaliyopakwa, yakimetameta juani kama shanga, na Murugi alikuwa amechuchumaa mbele yake tangu staftahi. Fundi alizima pikipiki, akabaki amevaa miwani yake ya jua, ambayo aliinunua Nanyuki kwa mchuuzi aliyeapa kwamba ni ya wanajeshi.

"Shida ni nini?"

"Si unaona vile zinang'aa."

Kathurima alitazama. "Kung'aa gani?"

"Kathurima, leo sina nguvu ya mzaha."

"Si mzaha. Mimi naona kahawa nyekundu tu. Labda ni hii jua yenu imebaki."

Murugi alisimama polepole. Alimvua fundi miwani bila kumwomba, akaivaa, akainama juu ya matunda. Mng'ao ulikuwa umepungua karibu wote. Rangi imebaki, nzito na safi. Aliegemeza kichwa upande wa bega, na mng'ao ukarudi. Akakinyoosha, ukatoweka. Akafanya hivyo mara nyingi, kushoto na katikati, kushoto na katikati, hata Watiri akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Amepatwa na nini?"

"Alikuwa mzima nikifika," Kathurima alisema.

Somo hilo Murugi alikuwa amelisoma chuoni na kufaulu mtihani wake, kisha akalisahau. Mwanga hutikisika, na kuna utando mwembamba unaoruhusu kupita ule tu unaotikisika upande mmoja. Miwani ile ilikuwa na utando huo. Mwanga uliodunda juu ya mafuta huhifadhi upande wake wa kutikisika. Ule ulioingia ndani ya tunda na kutoka huvurugika, ukatikisika kila upande. Ukiweka utando mmoja mbele ya taa, na mwingine mbele ya kihisi ukiwa umegeuzwa kukingama na wa kwanza, mng'ao haupiti. Rangi inapita.

"Hii miwani unaikata?" Kathurima aliuliza kwa wasiwasi.

"Sikati. Ni ndogo, na iko na mikwaruzo."

"Mikwaruzo ya vita."

Utando uleule umo ndani ya kila kioo cha simu na televisheni bapa. Jumapili baada ya ibada walikwenda Nyeri, kwa mafundi wa simu wenye maboksi ya vioo vilivyokufa, na wakarudi na mfuko mzima. Kuubandua kulihitaji maji ya uvuguvugu na subira. Watiri, mwenye uzoefu wa kumenya viazi bila kukatisha ganda, ndiye aliyebandua vizuri kuliko wote. Kathurima alikata vipande kumi na sita kwa mkasi wa mabati, vyembamba kama ukucha, na Murugi akavipachika kimoja kimoja. Taa zilipungua nguvu kwa sababu ya utando, ikambidi abadilishe saketi ili ziwake kwa mkupuo mkali na mfupi zaidi. Hilo lilimchukua siku tisa. Jumatano ya tarehe 2 Novemba, mvua ikinyesha, Wahome alimruhusu apitishe makopo matano pembeni, bila watu. Kati ya matunda zaidi ya elfu moja, mashine ilikosea matatu.

"Haya basi," alisema Wahome. "Lakini mimi si mwanachama. Kura sina."

Tarehe 12 Novemba wanachama walijaa uwanjani, wengine wamekaa kwenye kingo za vitanda vya kuanikia. Kumbukumbu za mkutano zinaonyesha kwamba ajenda ya mashine ilikuwa ya nne, ikahamishwa kuwa ya kwanza kwa sababu hakuna aliyekuwa akisikiliza nyingine. Murugi alizungumza kwa dakika chache. Alikiri kwamba mashine ilishindwa, akaeleza kwa nini, na akasema kwamba waliopaka kahawa mafuta walimsaidia. Kisha akaomba mtu yeyote ailetee mashine kahawa yoyote ile, iliyotendewa vyovyote vile.

Wangui alikuwa amejitayarisha. Alifungua leso, na ndani yake mlikuwa na mifuko mitatu. "Hii ni kavu. Hii nimemwagia maji ya tangi sasa hivi. Na hii," alisema akiunyanyua wa tatu ili wote waone, "nimepaka kama inaenda harusi. Na kila mfuko niko na mbichi ishirini nimehesabu mimi mwenyewe, usiniambie nimeweka kumi na tisa."

"Sitakwambia, Mama Wangui."

Mfuko mkavu ulipita, na trei ya kushoto ikapokea matunda ishirini. Hilo halikuwashangaza watu; Jumatano ile ya kwanza walikuwa wameyaona hayo. Mfuko wa maji ulipita. Karani alihesabu kwa sauti na umati ukahesabu naye, na walipofika ishirini kulikuwa na mluzi mmoja kutoka nyuma. Murugi akachukua mfuko wa tatu. Watiri, aliyekaa mstari wa mbele, alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Matunda yaliteleza kutoka mfukoni kama yaliyo hai, yakaingia gizani, yakatoka. Trei ya kulia ilijaa wekundu unaometameta. Karani akaanza kuhesabu trei ya kushoto: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Akasimama. Akaigeuza trei. Hakuna zaidi.

Wangui alitembea hadi kwenye trei ya kulia, akapekua kwa kidole, akatoa tunda moja, akaliinua juani. Lilikuwa kijani upande mmoja na jekundu upande wa pili.

"Hii nilijua italeta shida," alisema. "Hata mimi jana ilinishinda. Niliiweka kwa mbichi, nikaitoa, nikairudisha." Akamgeukia Murugi, kisha akaugeukia umati. "Mashine imekataa mbichi na imenitambua nikiwa nimejipaka. Mnataka nini ingine?"

Mwenyekiti aliomba wanaotaka mashine ibaki wainue mkono. Mikono ikapanda kama mahindi. Wangui aliinua yote miwili.

"Mama, mkono mmoja!"

"Huu mwingine ni wa mzee wangu. Ameenda Nanyuki kuuza viazi na ameniachia kura."

Mara wakajitokeza wengine waliokuwa na kura za waume walioko Nanyuki, za wake walioko sokoni, za dada aliye na mtoto mgonjwa, na mwenyekiti akajaribu kuanza upya mara mbili kabla ya kukata tamaa na kutangaza matokeo. Mashine ilibaki. Jumatatu iliyofuata Murugi aliipigia simu kampuni ya Nanyuki, akawashukuru kwa kumngojea. Kabla ya Krismasi aliwasilisha ombi la hataza, hati ya kulinda ubunifu, kwa ule mpangilio wa utando unaokingamana ndani ya chumba cha giza. Jina la Kathurima limeandikwa kando ya lake. Leo Murugi ana karakana mjini Nyeri, na mashine zake zinatumika katika viwanda vitatu kuuzunguka mlima, kimoja kikiwa Nkubu, ambako Kathurima aliipeleka mwenyewe na kuwaeleza watu wa kwao kwamba imetengenezwa kwa jua lililobaki.

Kumbukumbu za mkutano wa tarehe 12 Novemba zinasema kwamba wanachama "wengi mno" waliunga mkono. Katibu hakuandika idadi, na watu sita waliohojiwa wametoa idadi sita tofauti. Ni wanachama wangapi waliokuwa uwanjani siku hiyo, na ni wangapi waliopinga, haijulikani.